Mwanangu anamkimbia bibi yake kwa sababu ya Herobrine

Shikamoo mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kitangiri hapa Mwanza. Mume wangu ni fundi wa injini za boti na mimi nauza dagaa wa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu jambo hili likijulikana linaweza kumdhuru mtu mzima asiye na kosa lolote.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu kutoka Kwimba baada ya mavuno. Macho yake yameharibika na huko kijijini alikuwa anaishi peke yake. Jicho la kulia limekuwa jeupe kabisa, mboni haionekani. La kushoto nalo limeanza kufunga ukungu. Ni mama mpole, anapenda utani, na alipofika watoto walimpokea kwa shangwe. Alikuja na michembe gunia zima. Jioni umeme ukikatika alikuwa anawakusanya barazani anawasimulia. Hadithi iliyompendeza zaidi mwanangu wa kwanza, ambaye ana miaka minane, ni ya Ng'wanamalundi, yule mtu wa zamani wa Usukuma ambaye inasemekana alinyoosha kidole miti ikakauka. Kila jioni alitaka irudiwe.

Nyumbani tunakaa pia na mdogo wangu wa kiume, yuko kidato cha tatu. Wazazi wetu hawapo, kwa hiyo mimi na mume wangu ndio tunaomsomesha. Ana gemu kwenye simu yake inaitwa Minecraft, ile ambayo kila kitu ni mabloku, unachimba, unajenga nyumba, unafuga wanyama. Mwanangu anacheza naye. Siku moja wakakuta kwenye gemu miti imesimama haina hata jani moja. Mdogo wangu akamwambia kuna mtu anaitwa Herobrine, watoto wanamtamka Hirobraini, kwamba ni mzimu wa ndugu yake yule aliyetengeneza gemu, anatokea kwa mbali kwenye ukungu, anakutazama, halafu anapotea, na ndiye anayeiacha miti bila majani. Akamwonyesha na video. Huyo mtu ana sura ya kawaida na nguo za kawaida, isipokuwa macho. Ni meupe matupu.

Mtoto akaunganisha. Macho meupe, miti iliyokauka, na bibi ndiye anayemjua mtu wa kukausha miti.

Alianza kwa kukataa kulala chumba kimoja na bibi. Kisha akawa anakula jikoni. Bibi akimwita anaitikia akiwa nje, haingii. Usiku anakojoa kitandani, na hilo alishaliacha zamani. Nilipombana akanieleza yote huku analia, akasema, "Mama, bibi hanioni, lakini ananitazama." Nikamwambia ni gemu tu, hakuna kitu kama hicho. Akanijibu kwamba wenye gemu waliandika wenyewe kuwa wamemwondoa Herobrine. "Kama hayupo, walimwondoaje?" Sikuwa na jibu.

Ingeishia hapo nisingekuandikia. Mtoto ameyasema shuleni. Sasa watoto wa mtaa wakipita dirishani wanaita "Hirobraini! Hirobraini!" wanakimbia. Mama mkwe hajui maana yake, anacheka, anadhani wanacheza. Mimi moyo unaniuma. Halafu juzi nikiwa nanunua mkaa, jirani mmoja mtu mzima akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi mama mkwe wako yale macho yalianza lini? Na huko kwao aliondoka kwa amani?" Mshauri, unajua kwetu Usukuma swali kama hilo linabeba nini kwa mwanamke mzee. Usiku ule sikulala.

Mama mkwe mwenyewe anaamini mimi ndiye ninayemfundisha mtoto kumchukia. Alimwambia wifi yangu kwa simu kwamba nimemchoka na namtumia mtoto kumfukuza. Wifi akanipigia akanisema sana. Mume wangu habari ya gemu sijamweleza, kwa sababu akijua imeanzia kwa mdogo wangu namjua hasira zake, atamrudisha kwetu na shule itakuwa basi. Anachoona yeye ni mtoto aliyebadilika ghafla, na anataka tumpeleke kwa mtumishi mmoja akaombewe. Wifi anasema twende kwa mtaalamu huko Magu "ajulikane anayemsumbua mtoto". Hapo ndipo naogopa zaidi. Kwa mtaalamu lazima litajwe jina, na ndani ya nyumba yetu mwenye macho yale ni mmoja.

Nikimweleza mama mkwe ukweli, nitakuwa nimemwambia mtu mzima kwamba mjukuu wake anamwona mzimu. Nikinyamaza, naendelea kuwa mkwe mbaya na maneno ya mtaani yanazidi. Nimefikiria pia kumwomba mume amrudishe mama kijijini kwa muda mpaka mtoto asahau, lakini roho inasita. Nifanyeje?

Mama wa Wawili, Kitangiri, Mwanza

*

Marahaba, binti yangu. Pole sana, na hongera kwa kuandika.

Nikikuelewa vizuri, una mtoto mwenye hofu ya kweli, una mama mkwe anayeumia bila kujua kinachomuumiza, na una mtaa ulioanza kunong'ona. Mumeo anajua kipande, wifi anajua kipande, mdogo wako anajua kipande kingine. Wewe peke yako ndiye unayejua yote, na umeyafungia kifuani ili mtu asiumie. Ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja.

Naanza na swali la jirani, kwa kuwa mengine yanaweza kusubiri hata mwezi, ila hili sioni kama linaweza. Hofu yako haijazidi kipimo. Kwa miongo mingi Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, wakati wekundu ule ulitokana na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe waliopikia maisha yao yote. Waliwalisha watu kwa moto huo, na moto huohuo ukawageuzia watu hao. Unaposikia mtu mzima anauliza macho ya bibi "yalianza lini", ni haki yako kushtuka. Nakuomba usilipuuze hata kama jirani huyo ni mwema.

Lakini tazama pia njia za kumjibu. Ukimjibu kwa ukali, anaweza kusema kuna kinachofichwa. Ukinyamaza, atajijibu mwenyewe. Wapo wanaoona heri swali la kunong'onezwa lijibiwe kwa sauti ya kawaida, mbele ya wengine: mama anaumwa macho, tunamhangaikia hospitali. Ni jibu fupi na halimwachi mtu nafasi ya kuongeza lake. Mumeo akilisema yeye litakuwa na uzito zaidi, kwa sababu ni mama yake mzazi. Mwenyekiti wa mtaa naye yupo, na dawati la jinsia la polisi lipo, endapo maneno yatatoka kwa watoto yakaingia kwa watu wazima waziwazi. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa kisheria Tanzania, Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Ila kwenda kwa mwenyekiti mapema mno kunaweza kulikuza jambo ambalo bado lingezimika lenyewe. Wewe ndiye unayewajua majirani zako. Pima.

Sasa mtoto. Amekuuliza swali zuri, na nadhani anastahili jibu kamili kuliko "ni gemu tu".

Minecraft ilianzia Sweden, kwa mtu anayeitwa Markus Persson, na watu wakaanza kuicheza mwaka 2009. Mwaka 2010 mtu asiyejulikana aliweka mtandaoni picha moja na maelezo. Alidai kwamba akiwa anacheza peke yake aliona mtu kwenye ukungu, macho hayana mboni, na akakuta miti isiyo na majani, mahandaki yaliyonyooka na piramidi ndogo za mchanga baharini. Akadai pia kwamba huyo ni ndugu wa Persson aliyekufa. Mwaka uleule kijana mmoja aliyejiita Copeland, ambaye alikuwa anarusha michezo yake moja kwa moja mtandaoni, akawaonyesha watazamaji wake Herobrine amesimama chumbani. Alikuwa amemtengeneza na kumpachika yeye mwenyewe. Persson alieleza hadharani kwamba hana ndugu wa kiume aliyefariki, na kwamba Herobrine hakuwahi kuwemo kwenye gemu.

Hapo ndipo jambo linalomsumbua mwanao linapoingia. Wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza gemu hiyo wakaona wawatanie wachezaji. Mara nyingi walipotoa toleo jipya, kwenye orodha ya mabadiliko waliandika kwamba wamemwondoa Herobrine. Utani huo ulianza mwaka 2011. Hapakuwa na cha kuondoa. Lakini watoto dunia nzima waliusoma kama mwanao alivyousoma, na wakaiamini hadithi zaidi kuliko mwanzo. Mwaka 2021 mashabiki waliokuwa wakitafuta kwa kompyuta nyingi kwa pamoja waliipata namba inayoizalisha dunia ile ya kwenye picha ya kwanza kabisa. Leo mtu mwenye toleo la zamani anaweza kuingia akasimama palepale, na hatakuta mtu.

Mweleze na mambo madogo yanayotisha ndani ya gemu. Mchezaji akiingia pangoni au penye giza, gemu yenyewe hupiga milio ya ajabu, imewekwa makusudi. Ukungu wa mbali upo ili simu isielemewe kwa kuchora kila kitu kwa wakati mmoja, na kwenye simu isiyo na nguvu unasogea karibu zaidi. Majani ya mti yeyote anaweza kuyavunja kwa mkono. Ndiyo maana nina shaka moja ambayo mdogo wako pekee ndiye wa kuijibu: dunia ile ni ya kwenye simu yake, wanacheza wawili tu. Nani aliyatoa majani?

Namuuliza hivyo bila kumshitaki. Kijana wa kidato cha tatu anayemtisha mpwa wake kwa hadithi anafanya walichofanya wajomba wote. Hakujua kwamba nyumbani kuna jicho jeupe ambalo hadithi itaenda kulikalia. Ingekuwa nyumba nyingine, mtoto angeogopa usiku mmoja akasahau. Ukimweleza kwa utulivu yalikofikia, huenda akawa wa kwanza kutaka kuyatengeneza. Anaweza kukaa na mtoto mchana, akamwonyesha jinsi mchezaji anavyovalishwa sura yoyote, macho meupe yakiwemo, na akamwacha atengeneze sura yake mwenyewe. Hatari yake ni mtoto kuona amechekwa. Aliyetishwa akigundua alidanganywa anaweza kukasirika kuliko alivyoogopa, na hasira hiyo mruhusuni aitoe. Kumnyang'anya simu nako kutapunguza video, ila hadithi ameshaibeba shuleni, na huko huna funguo.

Hata hivyo, binti yangu, sina hakika kwamba Herobrine ndiye chanzo. Rudia maneno ya mwanao: "Bibi hanioni, lakini ananitazama." Hakusema bibi ni mzimu. Mtoto wa miaka minane husoma macho ya watu wazima kutwa nzima, ndiko anakojua kama mama amechoka, kama baba amekasirika, kama anaruhusiwa kucheka. Kwa bibi hasomi kitu. Hajui kama anaonekana au haonekani. Pengine wasiwasi ule alikuwa nao tangu bibi aliposhuka kwenye basi, akakosa namna ya kuusema, na gemu ikampa jina la kuuita. Je, kuna mtu aliyewahi kukaa naye akamweleza jicho la bibi lina nini? Kwa barua yako sioni. Watu wazima tunaona aibu kulizungumzia, tunawaambia watoto wasimtazame sana bibi, nao wanabaki na maswali yao.

Anaweza kuambiwa bibi anaona kiasi gani. Anaweza kumuuliza mwenyewe. Bibi anamtambuaje mtu anayeingia, kwa nyayo, kwa sauti, kwa kivuli? Watoto hupenda kujua mambo kama hayo, na anayeyajua haogopi kwa namna ileile. Msimsukume. Kumlazimisha akae mapajani kwa bibi ili "azoee" kunaweza kuwaumiza wote wawili. Na kukojoa kitandani kusigeuzwe kosa la kuadhibiwa wala stori ya kusimuliwa kwa shangazi. Kukiendelea kwa wiki nyingi, daktari wa watoto amwone.

Nije kwa mama mkwe, kwa sababu naona ndiko moyo wako ulikolala.

Umesema hawezi kuambiwa. Nakuuliza kwa upole, umejuaje? Huyu ndiye msimuliaji wa Ng'wanamalundi. Ng'wanamalundi alikuwa mtu wa kweli, mcheza ngoma na mganga wa zama za Wajerumani, na kila aliyemsimulia amemwongezea kidogo mpaka leo miti inakauka kwa kidole chake. Mama yako huyu amekulia ndani ya hadithi kama hizo. Anajua zinavyozaliwa na zinavyokua zikipita midomoni mwa watu, pengine kuliko wewe na mimi. Anaweza kucheka. Anaweza kumwita mjukuu na kusema, hebu nisimulie huyo Hirobraini wako, nami nikusimulie wangu.

Anaweza pia kulia, na hilo usilifiche machoni pako. Mwanamke Msukuma wa umri wake hahitaji kufundishwa macho yanaweza kumletea mtu nini. Jirani aliuliza kama aliondoka kwao kwa amani, na aliuliza kwa nia isiyo njema. Lakini swali lenyewe mwanawe anaweza kumuuliza kwa upendo: mama, kule Kwimba kuna mtu aliwahi kukusema? Kama lipo jambo, ni heri mlijue kabla hamjafikiria kumrudisha huko. Ndiyo sababu hiyo njia ya kijijini inanitia wasiwasi kuliko zote ulizotaja, ingawa sababu zako nazielewa. Mtoto anaweza kusahau kweli. Ila bibi ataondoka akiamini amefukuzwa, mtaa utaona uvumi umethibitika, na huko aendako atakuwa peke yake tena, na jicho lilelile.

Nani amwambie? Kwa heshima ya mkwe na mama mkwe, sidhani ni wewe, angalau si wewe wa kwanza. Mwanawe anaweza kukaa naye mchana, bila watoto, na aanze na lile linalomuumiza zaidi: mama, mkwe wako hajamfundisha mtoto kukuchukia, mtoto anaogopa, na sababu yake ni hii. Akishaisikia hiyo, mengine yatakuwa mepesi kidogo kuyapokea. Kuna uwezekano asiamini siku ileile. Mtu aliyekwisha kuhisi anafukuzwa huhitaji muda. Na wifi naye ni bora ayasikie kwa kaka yake, maana yeye ndiye anayesukuma safari ya Magu.

Hapo utaona kwa nini mumeo hawezi kubaki nje. Unamficha ili kumlinda mdogo wako, na mimi naiona huruma iliyomo. Lakini mumeo anatafuta dawa ya ugonjwa asioujua, na kwa kutojua anaweza kuwapeleka mahali pabaya kwa nia njema. Unamjua hasira zake, mimi simjui. Je, zipo namna za kumweleza zinazomweka mtoto na mama yake mbele, na ya mdogo wako yafuate? Je, yupo mtu anayemheshimu, mzee wa ukoo au rafiki wa kazini, anayeweza kuwepo? Na mdogo wako mwenyewe akienda kwa shemeji yake akasema "shemeji, ni mimi niliyemsimulia," si sawa na yeye kusikia kwa mtu mwingine. Bado kuna hatari kwamba shule itatikisika, na uiandae akili yako kwa hilo, hata kwa kujua nani kati ya ndugu zenu angeweza kumpokea kwa muhula mmoja.

Kuhusu maombi, kama ndiyo imani yenu sina la kupinga. Mtoto akiombewa na watu wanaompenda anaweza kupata utulivu. Ninachokuomba ni umjue mtumishi huyo kabla. Wapo wanaomwombea mtoto kisha wakatangaza mbele ya watu kwamba tatizo limo ndani ya nyumba, na neno hilo halirudi. Mumeo anaweza kuzungumza naye mapema kwamba mtoto aombewe hofu yake, na asitajwe mtu. Akishindwa kuwaahidi hivyo, mtakuwa mmejua jambo. Kwa mtaalamu sitazunguka: Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, baada ya damu nyingi kumwagika kanda yetu hii, na ulichokiogopa wewe ndicho hasa wanachokifanya.

Jambo moja sikuliona kwenye barua yako, nalo ni hospitali. Jicho linalofunga weupe kwa mtu mzima mara nyingi ni mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho inapoteza uangavu, na daktari huiondoa akaweka ya bandia. Ni upasuaji mfupi, aghalabu mgonjwa hutiwa ganzi ya jicho tu, hapigwi usingizi. Lakini weupe unaweza pia kuwa kovu juu ya kioo cha jicho, na hilo ni jambo jingine, haliponi kwa njia hiyo. Ni daktari wa macho tu atakayewaambia. Hospitali ya Bugando iko hapohapo mlipo, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wamewekewa sera ya kutibiwa bila malipo, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii utaratibu wake. Jicho la kushoto ndilo linaloanza sasa, kwa hiyo muda una maana.

Nina angalizo hapa. Mama asije akasikia kwamba anapelekwa hospitali ili mtoto aache kumwogopa. Apelekwe kwa kuwa haoni na anaweza kusaidiwa kuona. Na kama itakuwa kovu lisiloondoka, au yeye mwenyewe akasema hataki kisu jichoni mwake, nyumba yenu iwe tayari kuishi na jicho hilo. Mtoto ndiye atakayejifunza, na akisaidiwa atajifunza.

Zungumza kwanza na mumeo, ukichagua wakati wako. Nitafurahi kujua amelipokeaje, na daktari amesema nini kuhusu jicho la kushoto. Wabeja sana, binti yangu, na umsalimie mama.